Sarafu za Michezo ya Video si Zawadi ya Mtoto

Katika miji ya pwani, mkono wa Idi umekuwa kwa vizazi vingi somo la kwanza la mtoto kuhusu fedha. Mtoto hupita kwa shangazi, kwa mjomba, kwa babu na kwa jirani. Kila mmoja humtia kiganjani noti au sarafu. Jioni huenda kiwanja cha sikukuu, kama vile Mnazi Mmoja kule Unguja, akapanda bembea, akanunua kashata na vitu vya kuchezea, na kufikia usiku mfuko umebaki mtupu. Hakuna aliyemfundisha hesabu ya kutoa, lakini ameijua. Familia za Kikristo zina desturi yao ya nguo mpya za Krismasi, na familia zote zina zawadi ya kufaulu mtihani. Katika miaka ya karibuni zawadi hizi zimeanza kubadilika sura. Mtoto wa miaka 10 akiulizwa anataka nini, aghalabu hataji mpira wala viatu. Hutaja almasi za Free Fire, V-Bucks za Fortnite, Robux za Roblox au sarafu za eFootball. Mtu mzima asiyezijua huomba aelezwe, huelekezwa kwa muuza vocha, hulipa kwa simu, hupokea namba ya vocha na kumtumia mtoto. Kazi imekwisha kwa dakika chache, na mtoto amefurahi.

Furaha hiyo ni ya kweli, na anayetoa hutoa kwa mapenzi. Hata hivyo, hoja ya makala haya ni kwamba sarafu za mchezo hazifai kuwa zawadi ya mtoto, na kwamba mtu mzima anayetaka kumfurahisha mtoto kwa njia hii angefanya vyema zaidi kumnunulia mchezo mzima, uliolipiwa mara moja ukaisha kulipiwa. Vitu hivi viwili huchanganywa kila siku kwa sababu vyote hukaa nyuma ya kioo kimoja. Kwa afya ya mtoto vina tofauti kubwa. Mchezo uliokamilika ni kama kitabu au mpira: ukishatolewa, aliyetoa hana deni na aliyepewa anao. Sarafu si kitu bali ni ruhusa ya kuingia dukani, na duka lenyewe limejengwa na mafundi waliobobea katika kumfanya anayeingia arudi kesho.

Michezo mingi inayopendwa na watoto kwenye simu hupakuliwa bure. Mtengenezaji anayetoa bidhaa bure hana budi kupata fedha kwa mlango mwingine, na mlango huo ni duka lililo ndani ya mchezo. Humo vitu haviuzwi kwa shilingi. Kwanza shilingi hugeuzwa kuwa sarafu ya mchezo, kisha sarafu hiyo ndiyo hununua vazi, mtindo wa kucheza dansi, silaha yenye rangi ya dhahabu au mchezaji mpya wa kandanda. Hatua hii ya kati haikuwekwa kwa bahati mbaya. Jumba la kamari nalo humbadilishia mteja fedha zake kwa vipande vya plastiki, kwa kuwa kipande cha plastiki hakimuumi mtu kukipoteza kama inavyomuuma noti. Mtu mzima mwenye mshahara na madeni husahau thamani katika mabadilishano hayo. Mtoto ambaye hajawahi kununua hata kilo ya unga hana cha kusahau, kwa maana hakuijua thamani tangu mwanzo.

Bei zenyewe zinastahili kutazamwa kwa makini. Katika Fortnite, kwa miaka mingi, kifurushi kidogo cha kawaida kilikuwa na V-Bucks 1,000, ilhali mavazi mengi yaliuzwa kwa 800, 1,200 au 1,500. Anayenunua vazi la 800 hubakiwa na 200 zisizotosha vazi lolote. Anayetaka la 1,200 hulazimika kununua kifurushi cha pili, kisha hubakiwa na 800 zinazomwita arudi. Salio halifiki sifuri kwa urahisi. Mtoto wa mkono wa Idi hurudi nyumbani na mfuko mtupu, na utupu huo humfunza. Mtoto wa sarafu za mchezo daima ana kiasi kilichosalia, na daima amepungukiwa kidogo tu. Duka hilo hubadilisha bidhaa zake kila siku, na saa iliyohesabu muda uliobaki ilikuwa ikionekana juu ya kioo. Watoto nao wana mahakama yao: asiye na vazi la kununua hubandikwa jina la kejeli, kwamba yeye ni yule aliyebaki na vazi la bure. Vazi hilo halimwongezei nguvu wala shabaha. Linachomwongezea ni heshima mbele ya wenzake. Kwa mtoto anayekaribia balehe hilo si jambo dogo, na mzazi anayelidharau hujifungia mlango wa kuongea na mwanawe.

Asidhani msomaji kwamba haya ni manung'uniko ya wazee wasiopenda teknolojia. Mwezi wa Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza makubaliano ambayo kwayo Epic Games, kampuni inayomiliki Fortnite, ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 275 zilikuwa adhabu inayohusu faragha ya watoto, na milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja, baada ya tume kudai kwamba mpangilio wa vitufe ulisababisha wachezaji kununua vitu bila kukusudia, na kwamba watoto waliweza kutumia fedha za wazazi bila idhini yao. China ilichukua njia ya amri. Kanuni zake za mwaka 2019 zilizuia watoto walio chini ya miaka 8 kulipia michezo ya mtandaoni, na wale wa miaka 8 hadi 16 ziliwawekea kikomo cha yuan 200 kwa mwezi. Si kila nchi inayoweza, wala inayopaswa, kuiga jambo hilo. Inatosha kuona kwamba serikali zenye mifumo tofauti kabisa zilitazama fedha, si saa za kucheza peke yake, na kukuta tatizo.

Ubongo unahusika vipi? Mwaka 1998 watafiti wa London walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima kwa skani ya PET wanaume 8 waliokuwa wakicheza mchezo wa kuendesha kifaru cha vita. Dopamini iliongezeka katika sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na motisha na thawabu, na ongezeko liliambatana na kiwango cha kufanikiwa katika mchezo. Utafiti huo ulikuwa mdogo, wahusika walikuwa watu wazima, tena walilipwa kwa kila hatua waliyoivuka. Kwa hiyo haufai kubebeshwa mzigo usio wake, kama unavyobebeshwa na wahubiri wengi wa mitandaoni. Dopamini si sumu. Ni kemikali ileile inayofanya kazi mwenye njaa anapoona sahani ya wali. Lililo muhimu kwa mtoto ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu anapofikia umri wa miaka ishirini na kitu. Hamu hukomaa mapema na breki huchelewa. Duka lenye saa inayokimbia humkuta mtoto katika pengo hilo.

Baya zaidi ni makasha ya bahati. Hapa mtoto halipii kitu anachokiona bali hulipia nafasi ya kukipata: hufungua kasha au huzungusha gurudumu, na mara nyingi hutoka na kitu duni. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha katika karne iliyopita kwamba mnyama anayepata chakula kwa nyakati asizoweza kuzitabiri hubonyeza kitufe kwa muda mrefu zaidi, hata chakula kinapokoma, kuliko yule anayelipwa kila mara. Mashine za kamari hufuata kanuni hiyo, na kasha la bahati vilevile. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa wachezaji zaidi ya 7,000 uliokuta kwamba waliotumia fedha nyingi kwenye makasha hayo ndio walioelekea kuwa na matatizo makubwa zaidi ya kamari. Haukuthibitisha kipi kilitangulia. Huenda kasha huzalisha mcheza kamari, au mcheza kamari huvutwa na kasha. Kwa vyovyote vile si zawadi ya kumpelekea mtoto. Mwaka huohuo mamlaka ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba makasha ya baadhi ya michezo ni kamari kisheria, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza nchini humo pointi za mchezo wake wa kandanda wa FIFA. Tanzania, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Nyumba ya kamari ina mlango, na mlangoni yupo mtu awezaye kuuliza umri. Kasha lililo ndani ya simu ya mzazi halina bawabu.

Kuna picha inayojirudia katika kliniki za afya ya akili za watoto, kiasi kwamba yaweza kuelezwa bila kumgusa mgonjwa yeyote, kwa kuwa ni mchanganyiko wa wengi. Mvulana wa miaka 12 anaishi na bibi yake Tanga. Mama yake anafanya kazi za nyumbani Muscat na hurudi baada ya kila miaka 2. Fedha za shule na chakula hufika kila mwezi. Mama, kwa kuwa hawezi kumshika mwanawe mkono, humtumia na kitu chake mwenyewe: vocha ya almasi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mwanzoni mtoto alimsimulia mama mambo ya shule, na nani aliumwa, na paka alizaa wangapi. Baada ya miezi kadhaa maongezi yakawa mafupi. Huanza kwa shikamoo, hupita haraka kwenye sijambo, na kufika pale yalipokuwa yakielekea: “Mama, umetuma?” Mwezi ambao mama hakulipwa kwa wakati, mtoto alinuna siku tatu na kuvunja mlango wa kabati.

Bibi ana shinikizo la damu. Namba ya siri ya simu yake anaijua mjukuu, kwa sababu mjukuu ndiye humsomea ujumbe na kumtolea fedha. Siku ya kliniki kipimo kimepanda sana, na muuguzi anamuuliza, “Bibi, dawa ziliisha lini?” Bibi anajibu, “Hazikuisha, mwanangu. Hazikununuliwa.” Fedha ilikuwemo kwenye simu Jumatatu, na Jumatano haikuwemo.

Ni rahisi kumlaumu mama huyu, na ni makosa. Alichokifanya ni kile ambacho kila mzazi aliye mbali hukifanya: alitafuta kitu kinachofika upesi kuliko yeye. Lakini almasi zilichukua nafasi ya mazungumzo, zikamfundisha mtoto kwamba mama ni chanzo cha salio. Uchungu wa mtoto huyu hautokani na mchezo pekee, na ndiyo maana kumnyang'anya simu hakumponyi. Anachokikosa ni mtu. Mchezo wa ludo kwenye simu huchezwa na wawili walio mbali, hauhitaji kununua lolote, na humpa mama nusu saa ya kucheka na mwanawe na kumwibia kete. Daktari anaweza kuuandika kama tiba bila aibu.

Wahudumu wa afya nao wanahitaji tahadhari, maana kosa la upande wa pili lipo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa uraibu wa michezo ya video katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Vigezo vyake ni vizito: mtu ameshindwa kudhibiti uchezaji wake, mchezo umetangulizwa mbele ya shughuli nyingine za maisha, na anaendelea au anaongeza ijapokuwa madhara yanaonekana, tena hali hiyo imevuruga kwa kiasi kikubwa masomo, familia au afya, na kwa kawaida imedumu miezi 12. Mtoto anayecheza kutwa nzima wakati wa likizo, kisha shule ikifunguliwa akarudi darasani na kulala kwa wakati, si mgonjwa. Kumwita mraibu mbele ya wazazi wake ni kumvisha jina litakalomfuata. Habari za macho, usingizi na uzito wa mwili zimeandikwa sana kwingineko na hazina haja ya kurudiwa hapa.

Michezo yenyewe ina heri yake. Huko Seattle, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza SnowWorld, ulimwengu wa theluji wa kompyuta ambamo mgonjwa wa majeraha ya moto hurusha mabonge ya theluji wakati vidonda vyake vikisafishwa, na wagonjwa walieleza kwamba maumivu yalipungua. Juni 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mchezo wa video utumike, kwa maelekezo ya daktari, kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye tatizo la umakini. Mtoto wa selimundu anayelazwa mara kwa mara, ambaye hawezi kukimbia na wenzake, anaweza kupata katika mchezo mzuri saa mbili za kuusahau mguu unaomuuma. Muuguzi wa wodi ya watoto hahitaji kuambiwa hilo.

Kwa hiyo, mjomba anayetaka kutoa mchezo na atoe, ila achague kama anavyochagua kitabu. Lebo za umri za PEGI huko Ulaya zina ngazi za miaka 3, 7, 12, 16 na 18, na tangu 2020 huonya pia kama mchezo una vitu vya kubahatisha vinavyolipiwa. Grand Theft Auto V, ambao watoto wa shule ya msingi huutaja kama wanavyotaja katuni, una lebo ya miaka 18. Tatizo la kwetu ni kwamba michezo mingi haifiki ndani ya kasha lenye lebo. Hunakiliwa dukani kutoka mashine moja hadi nyingine, na umri hubaki njiani. Basi mnunuzi aulize jina la mchezo, alitafute kabla ya kulipa, na aketi na mtoto kwa saa ya kwanza. Saa hiyo moja itamwonyesha mambo mengi kuliko lebo yoyote, likiwemo kama duka limejificha ndani.

Aliye mbali amuulize kwanza anayeishi na mtoto. Shangazi wa London au Doha hajui kwamba mama amekuwa akipigana na kijana wake kwa wiki sita kuhusu sarafu hizohizo. Vocha yake humfanya mama kuwa mchoyo mbele ya mwanawe. Zawadi iliyokwisha kutumwa isirudishwe kwa ugomvi. Mzazi achukue karatasi, aandike pamoja na mtoto kiasi cha sarafu na thamani yake kwa shilingi, kisha kila vazi linalonunuliwa liandikwe bei yake halisi: hili ni viatu vya shule, lile ni nauli ya wiki mbili. Watoto wengi hushangaa kwa dhati. Matumizi yakishapangwa, namba ya siri ibadilishwe, na ununuzi wa ndani ya programu ufungwe kwa nenosiri. Kuvunja simu kwa hasira, jambo ambalo akina baba wamelifanya zaidi ya mara moja, humwondolea mtoto chombo na kumwachia hamu.

Katika fomu ya historia ya mtoto, mahali panapoulizwa saa za kutazama skrini, paongezwe maswali mawili: nani hununua, na kwa simu ya nani. Yaulizwe kwa sauti ileile inayouliza chanjo, mtoto mwenyewe akiwepo na akiruhusiwa kujibu. Na katika kliniki ya watu wazima, mzee wa shinikizo la damu au kisukari ambaye dawa zake hukatika bila sababu inayoeleweka aulizwe kwa upole, kabla ya kuongezewa dozi, ni nani mwingine nyumbani anayeijua namba yake ya siri.